Mimi, mume wangu na Land Rover ya baba mkwe

Gari la kizamani halidumu kwa mapenzi peke yake. Linataka oili, linataka grisi, na linataka watu wawili wanaosikilizana.

Mpenzi msomaji, ukimtajia kijana wa siku hizi gari la kizamani, mawazo yake yanakimbilia harusini. Anaona gari limepambwa maua na riboni, maharusi wamekaa kiti cha nyuma, mpiga picha kachuchumaa mbele. Kesho yake gari linarudishwa kwa mwenyewe na maisha yanaendelea.

Huku kwetu Nyarugusu gari la kizamani haliendi harusini, linakwenda kazini. Na hapa niweke sawa, maana wengi wanachanganya: siisemi Nyarugusu ya Kasulu kule Kigoma yenye kambi ya wakimbizi. Nasema Nyarugusu ya Geita, ya dhahabu, ya makarasha yanayosaga mawe mchana na usiku, na ya vumbi linaloingia hadi kwenye kabati la vyombo. Hapa gari la zamani linabeba magunia ya mahindi, linapeleka mjamzito kujifungua, na msiba ukitokea ndilo la kwanza kuulizwa. Na gari lenyewe, mara nyingi, ni Land Rover.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa kwenye maonesho ya magari ya Amsterdam, Aprili 1948. Zile za muundo wa zamani, ambazo wapenzi wake wanaziita Series, zilitengenezwa hadi 1985. Wadogo zake wakaja kupewa jina la Defender mwaka 1990, na Defender za umbo lile la asili zikaacha kutengenezwa Januari 2016. Lakini usidhani zimekwisha. Oktoba 2024 wenye Land Rover walijazana Arusha kwenye tamasha lao, na zilikuwepo mamia kwa mamia, kuanzia mpya hadi zile za enzi za babu.

Ya kwetu ni Series III, wan o naini. Hiyo 109 ni urefu kwa inchi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Baba mkwe aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali, akaiendesha mpaka macho yalipomkatalia, kisha akamwachia mume wangu. Mzee alipofariki, gari likabaki uani kwetu kama mwanafamilia ambaye hakuna anayethubutu kumwambia ahame.

Mnunuzi abisha hodi

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwenzangu ni mhasibu kwenye mtambo mmoja wa kuchenjua dhahabu. Tuna mtoto mmoja, tumepanga, na wakati huo tulikuwa tunalipia kiwanja kwa awamu. Yaani sisi ni kama wewe tu unayesoma hapa: mshahara unaingia tarehe fulani, tarehe kumi umeshauaga.

Sasa siku moja akaja bosi mmoja mwenye maduara yake, amepata mzigo mzuri, akalizunguka gari mara mbili, akataja bei. Ilikuwa bei ya kumaliza deni lote la kiwanja na chenji kubaki. Mimi moyoni nikawa nimeshapanga hadi rangi ya geti. Mume wangu akamjibu, “Hili haliuzwi, kaka.” Akaingia ndani. Hakuniuliza.

Tulinuniana siku tisa.

Siku ya kumi tukawa tunarudi kutoka Katoro, tumembeba mama mkwe na majirani wawili. Barabara ilikuwa na mabonde madogo madogo kama ubao wa kufulia. Ghafla usukani ukaanza kutetemeka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, magurudumu ya mbele yakipiga kushoto na kulia kama yanataka kung'oka. Mume wangu akaushika kwa mikono miwili, akapunguza mwendo taratibu hadi gari likasimama pembeni. Mama mkwe alikuwa anasali kwa sauti. Nilipomtazama mwenzangu, nikaona amelowa jasho shati zima.

Nikasema la kwangu: “Gari hili ama linatengenezwa likawa salama, ama linauzwa. Mtoto wangu hapandi tena hivi.” Hakubisha.

Shida ilikuwa wapi?

Tulimpata fundi mmoja mzee, amezeeka na Land Rover. Alipofungua chini ya gurudumu la kushoto, badala ya oili kikatoka kitu cheusi kizito kama uji wa ulezi, na kidogo sana. “Mwalimu,” akaniambia, “humu mna tope. Chuma kimekula chuma.”

Ngoja nikueleze kwa lugha nyepesi, maana nami nilielezwa hivyo.

Mbele ya Land Rover hizi kuna ekseli moja ngumu, imelala juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kila mwisho wa ekseli kuna boli kubwa la chuma linalong'aa, ukubwa wa boga dogo. Gurudumu linapokata kona, nyumba ya chuma inazunguka juu ya boli hilo. Ndani yake kuna krosi ya shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu ukitia fo wili. Juu kuna pini inayozungukia kwenye bushi, chini kuna pini nyingine kwenye beringi. Vyote hivyo vinaishi kwa oili ya gia namba 90, kama nusu lita tu kila upande.

Nusu lita! Chupa ndogo ya maji ya kunywa. Na hiyo ndiyo inayozuiwa na sili moja inayofuta boli kila usukani unapogeuka. Boli likirushiwa mawe na kuota kutu, linakuwa na vishimo, vishimo vinachana sili, oili inavuja, vumbi na maji vinaingia. Bushi inalika, pini inaanza kucheza. Ukikutana na barabara ya mabonde, gari linacheza ngoma uliyoisikia hapo juu.

Vumbi la kwetu nalo si vumbi la kawaida. Dhahabu ya ukanda huu mara nyingi inakaa kwenye miamba ya kwatzi, yale mawe meupe. Kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Karasha likiisaga inakuwa unga, unga ukichanganyika na oili unakuwa msasa. Gari lako linajisugua lenyewe huku wewe unasikiliza muziki.

Fundi akabadilisha sili, bushi na beringi ya chini, akapanga upya vile vibati vyembamba vya juu ya pini ili kukaza kiasi kinachotakiwa. Vipuri vilitoka Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, kwa hiyo viliingia siku hiyo hiyo. Bili ilituuma, siwezi kusema uongo.

Hapo ndipo tulipoandikishana. Miezi sita. Daftari moja, kila shilingi ya gari inaandikwa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunaangalia sehemu ya mbele sisi wenyewe, wote wawili. Miezi sita ikiisha tunafungua daftari, tunaamua kuuza au kubaki nalo, na hakuna kununiana.

Kwa nini wawili?

Si kwa ajili ya mahaba, japo yapo. Ni kwa sababu kazi yenyewe inataka watu wawili.

Ukitaka kujua kama sehemu ya mbele ni nzima, unainua gurudumu. Mmoja anashika tairi juu na chini, analisukuma na kulivuta. Mwingine analala pembeni na tochi, anaangalia kinachocheza ni nini. Nyumba ya chuma ikitikisika juu ya boli, tatizo ni pini au bushi yake. Gurudumu likicheza lakini boli limetulia, tatizo ni beringi za habu. Mna wasiwasi? Mwombeni mtoto mkubwa au jirani akanyage breki wakati mnatikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi ya habu. Ukibaki, rudini kwenye pini.

Kisha mnashika tairi kushoto na kulia. Hapo mnapima tairodi na viungo vya usukani. Mmoja akae kwenye usukani auchezeshe kidogo kidogo, mwingine aangalie kiungo gani kinachelewa kufuata.

Peke yako utasikia mlio, lakini hutauona unakotoka. Anayetikisa haoni, anayeona hatikisi.

Jumamosi yetu inavyokwenda

Tunaanza saa moja asubuhi kabla jua halijakali. Gari linawekwa mahali tambarare, magogo yanabana magurudumu ya nyuma. Hili usilipuuze. Hendibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Na ukishainua, weka stendi imara. Hakuna mtu kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kwanza tunafuta. Matambara, brashi ya waya, na uvumilivu. Ukifungua tundu la oili likiwa na vumbi, umeingiza msasa kwa mkono wako.

Pili, boli. Kwenye nyumba ya chuma kuna bolti ya kujazia na nyingine ya kupimia kimo. Unafungua zote mbili, unatia oili namba 90 pole pole hadi ianze kuchungulia kwenye tundu la kimo. Subiri iache kutiririka, funga. Oili ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia, imwage yote kwa bolti ya chini na uweke mpya. Masika huku tunavuka madimbwi sana, kwa hiyo tunaangalia rangi kabla ya kimo. Wapo wanaotumia grisi laini ya pakiti iliyotengenezwa maalumu kwa maboli haya, ambayo Land Rover yenyewe ilianza kuitumia kwenye Defender miaka ya 1990. Haivuji ovyo kama oili. Lakini grisi ya kawaida ya kopo haifai humo ndani, inaganda pembeni na kuacha bushi ya juu kavu.

Tatu, relei ya usukani. Hiki ni kifaa kilichosimama ndani ya chesisi, mbele kabisa, na wenye magari wengi hawajui kama kipo. Nacho kinakunywa oili namba 90. Kwenye kifuniko cha juu unatoa bolti mbili: oili inaingia kwa tundu moja, hewa inatoka kwa jingine. Ukifungua moja tu utashinda hapo hadi adhuhuri.

Nne, shafti ya mbele. Kwenye krosi zake kuna vichuchu vidogo vya chuma vya kuingizia grisi. Futa kichuchu, bana pampu ya grisi, piga mpaka grisi mpya ianze kuchungulia pembeni, futa ya ziada.

Tano, springi. Tunasugua matope kwa brashi ya waya na kupitisha oili kidogo kati ya vyuma, kisha tunafuta ya nje isikamate vumbi. Ila mwisho wa springi kuna bushi za mpira. Hizo hazitaki grisi wala oili, mafuta yanaozesha mpira. Si kila kinachopiga kelele kinataka kulainishwa!

Mwisho, kama gari lako limefungwa zile habu za kukata na kuunga gurudumu la mbele, ziunge uendeshe kidogo kila baada ya muda. Zikikatwa siku zote, shafti ya ndani haizunguki, oili inalala chini na pini ya juu inakauka huku wewe unaamini umeijaza.

Oili chafu tunaikusanya kwenye dumu na kumpelekea fundi. Maji ya huku yana taabu ya kutosha na zebaki ya wachenjuaji, hatuna haja ya kuyaongezea.

Maneno yaliyotoka chini ya gari

Jumamosi ya tatu, mume wangu akiwa amelala chali na tochi, mimi nimeshika tairi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: “Mama, kazini hatujalipwa miezi miwili.”

Nikaacha kutikisa.

“Endelea kutikisa,” akasema. “Ukiacha sitaweza kumaliza.”

Nikaendelea. Akanieleza yote. Kwamba pesa ya matumizi alikuwa anakopa kwa wenzake. Kwamba siku ile mnunuzi alipokuja, alijua kabisa akiuza, pesa itakwenda kwenye kiwanja yote, na mshahara usipotoka tena tutakuwa na kiwanja kitupu bila akiba hata ya dharura. Gari lilikuwa kitu pekee alichobaki nacho cha kushika. Aliona aibu kuniambia, kwa hiyo akasema haliuzwi, akaingia ndani.

Mimi nilidhani anampenda marehemu baba yake kuliko sisi. Yeye alidhani nikijua ukweli nitamdharau. Siku tisa tumelala mgongo kwa mgongo kwa ajili ya hilo!

Nikamwambia langu pia: kwamba haraka yangu ya kiwanja ni hofu. Nimekulia nyumba za kupanga, nimehamishwa na vyombo kichwani zaidi ya mara moja. Akanyamaza. Halafu akasema, “Kushoto iko sawa. Twende kulia.”

Wataalamu wa ndoa wanatuambia tukae tuzungumze, tutazamane machoni. Ni ushauri mzuri. Lakini wanaume wengi ninaowajua, ukiwakalisha mezani na kusema “tuzungumze”, wanageuka jiwe. Mpe kazi ya mikono, msitazamane, uone.

Wiki hiyo tulikwenda kwa mwenye kiwanja tukaomba tuongezewe muda. Alikubali. Jumamosi zilizobaki za mwezi, Land Rover ikaanza kubeba mizigo ya wafanyabiashara wa gulio kwa malipo, mume wangu akiendesha.

Na kama gari lako si Land Rover?

Najua wengi wenu mnaendesha IST, Vitz, Noah au RAV4. Magari haya viungo vyake vya mbele vimefungwa na grisi yake ndani, kwa kawaida hakuna mahali pa kupigia nyingine. Kazi yako ni kuangalia vile vimpira vinavyofunika viungo. Kimpira kikichanika, kiungo kina siku chache. Kubadilisha mapema ni nafuu.

Mwenye Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe, ana vichuchu vinne kwenye mirija miwili ya ekseli ya mbele. Zile zilizotengenezwa kabla ya 1966 zina pini za usukani ambazo nazo zinataka grisi. Inua sehemu ya mbele kwanza ili uzito uondoke, vinginevyo grisi haifiki kote.

Mwenye Land Cruiser ya zamani, zile za 40, aangalie pini za springi zake. Zina vichuchu vya grisi, tofauti na Land Rover yetu. Ndiyo maana kitabu cha gari lako ni muhimu kuliko ushauri wa kijiweni.

Daftari lilisema nini?

Miezi sita ilipoisha tulifungua daftari kama tulivyoahidiana. Ukitoa ile bili kubwa ya kwanza, oili na grisi za miezi yote sita hazikufika hata gharama ya mlo wa jioni wa watu wawili kwenye hoteli nzuri ya Mwanza. Mafuta ndiyo yalikuwa mengi. Land Rover ya petroli inakunywa, tusidanganyane, na ndani yake husikii hata redio. Lakini mizigo ya gulio ililipia mafuta na kubakiza kitu.

Yule bosi wa maduara alirudi. Safari hii akaomba aendeshe kwanza. Alipoteremka akapandisha bei bila kuombwa, maana usukani ulikuwa umenyooka. Mume wangu akanigeukia mimi. Tukamwomba siku mbili, tukakaa na daftari, tukapiga hesabu ya kiwanja, ya mshahara ambao ulikuwa umeanza kutoka nusu nusu, na ya gulio. Tukamjibu kwamba kwa sasa hapana, ila mwakani aulize tena. Safari hii jibu lilikuwa la watu wawili.

Labda mwakani tutaliuza. Mimi sitalia, na sidhani kama marehemu baba mkwe atatulaumu. Mwenye kulinunua atakabidhiwa na daftari.

Dondoo za kubandika ukutani

• Futa kabla hujafungua. Vumbi ni adui kuliko ukavu.
• Magogo nyuma, stendi mbele, ndipo mtu aingie chini.
• Oili namba 90 kwenye maboli na relei, grisi kwenye vichuchu, mipira iache kavu.
• Angalia rangi ya oili, si kimo peke yake. Nyeupe ni maji.
• Usukani ukitetemeka punguza mwendo taratibu, simama, na usiendelee na safari mpaka ijulikane kinachocheza ni nini.
• Andika tarehe na gharama. Kumbukumbu za kichwani ndizo zinazozaa ugomvi.
• Chagua siku moja ya mwezi na muifanye kazi hiyo wawili. Simu zibaki ndani.